Jicho Langu la Kulia na Kosa Ambalo Rajabu Hakulifanya

Ijumaa, saa nane mchana. Mkata.

Jua limejificha tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto limetuama, halina pa kwenda, na mimi vilevile. Nimekaa, nimesimama, nimeenda mpaka mlangoni, nimerudi. Nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano mara nne, na mara zote nne uzi umepita pembeni. Gauni la watu nimeliacha juu ya cherehani likiwa na mkono mmoja.

Wanaopita kwenye blogu hii wamezoea picha za vitenge na maelezo ya kukata mikono na kola. Leo sina mshono. Nina jambo nililolikalia miaka ishirini na tano, na wiki hii limemuumiza mtu ambaye hakuwa na kosa.

Jicho langu la kulia hutoka nikiinama.

Nasema hivyo hivyo lilivyo. Nikiinama kama mtu anayeokota kitu chini, nikakaa hivyo kidogo, jicho linasukumwa mbele, kope zinatanuka, weupe unaonekana pande zote. Nikiinuka linarudi taratibu mahali pake. Nikiwa wima hakuna anayeweza kujua. Tena limezama kidogo kuliko la kushoto. Rajabu, mume wangu, wakati wa uchumba alikuwa akiniambia nina jicho la usingizi. Alilipenda.

Nilikuwa na miaka tisa nilipojua. Nyumbani kwetu Mashewa, tukipalilia maharage na watoto wa jirani, mmoja akainua kichwa akanitazama, akatupa jembe akakimbia. Wengine wakamfuata bila kujua wanakimbia nini. Mimi nilibaki mle shambani nikijipapasa uso. Mama alinipeleka kwa mganga, nikachanjwa chale mbili juu ya nyusi, bado zipo. Jicho liliendelea kutoka. Mwishowe mama alinikalisha chini akasema, "Zaina, usiiname mbele za watu. Ukiweza hilo, utaolewa kama wenzio."

Basi nikajifunza kutoinama.

Kitu kikianguka nachuchumaa, kichwa juu. Nafagia kwa fagio la mti mrefu, na nisipolipata nasema mgongo unauma. Nalalia mito miwili. Nikisujudu nashusha mtandio mpaka kidevuni na nakaa safu ya nyuma kabisa, pembeni, nikisikia ule uzito ukijaa nyuma ya jicho, nikiomba imamu asirefushe. Hata ufundi wa cherehani niliuchagua kwa sababu hiyo. Watu huniuliza nilipendaje kushona. Sikupenda kushona. Nilipenda kazi ambayo mtu anaifanya akiwa amekaa.

Nilipoolewa, miaka sita iliyopita, ukweni kwangu Kwedizinga waliniita mwenye maringo. Mama mkwe wangu, Bi Mwanjaa, ni mtu wa shamba hasa, ana nguvu kuliko vijana. Msimu wa kupalilia akiita wakwe zake wote, mimi natoa udhuru. Mara nina kazi za wateja, mara mtoto ana homa. Bi Mwanjaa hakuwahi kunigombeza. Aliacha tu kuniita.

Na mimi nikaona ni afadhali kuitwa mwenye maringo.

Tangu nikue, waliojua walikuwa wawili, mama yangu na mkunga aliyenizalisha Salma, binti yetu, ambaye sasa ana miaka mitatu. Nilipokuwa nasukuma, jicho lilitoka mpaka yule mkunga akaacha kuangalia kule alikotakiwa kuangalia. Baadaye aliniambia niende kwa daktari wa macho, nisipuuze. Nilimshika mkono nikamsihi asimwambie mume wangu aliyekuwa nje kwenye benchi. Akanyamaza. Daktari sikwenda.

Sasa niseme ya wiki iliyopita.

Alhamisi Rajabu aliniomba twende Kwedizinga kumsaidia mama yake kupalilia mahindi, maana mgongo umeanza kumsumbua mama huyo. Nikakataa. Akauliza sababu, nikasema kazi nyingi. Rajabu ni mtu mpole, lakini siku ile alipandisha sauti. Alisema, "Mama yangu amekukosea nini, Zaina? Niambie leo nijue." Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Sauti zetu zilifika kwa Mama Shani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Ijumaa asubuhi Rajabu aliondoka mapema kwenda kuchuma machungwa. Mimi nikataka kupeleka mahindi mashineni. Kwa kawaida namwita mtu anitwishe. Siku ile nilikuwa na hasira bado, nikainama nikalinyanyua debe peke yangu kwa nguvu zote.

Nikasikia kitu kimeachia ndani ya kichwa.

Sikuanguka. Nililiweka debe chini, nikakaa kando yake, na maumivu yakaja kama mtu anasukuma kidole gumba kutokea ndani. Nikatapika. Nilipoinua kichwa nikingoja jicho lirudi, halikurudi. Nilikwenda kwenye kioo. Jicho lilikuwa limetokeza, jekundu, na kope zimevimba. Kufikia adhuhuri zilikuwa zambarau, na weusi umeshuka mpaka shavuni.

Rajabu aliporudi aliweka tenga chini akaniuliza nimepatwa na nini.

Nikamwambia nimejigonga kwenye mlango.

Jamani, nilikuwa na muda wa kutwa nzima kutafuta uongo, nikapata ule. Nyumba yetu ndani ina mapazia. Mlango ni ule mmoja wa mbele. Rajabu aliutazama, kisha akanitazama mimi, akauliza, "Mlango huu?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Akanichemshia maji akanikanda kwa kitambaa, taratibu, na mimi nikafumba jicho zima ili nisimwone.

Jumamosi Mama Shani alikuja kuomba chumvi akaniona. Hakuchukua chumvi. Aliuliza nikamwambia ule ule wa mlango, na hapo hapo nikaona usoni mwake kwamba ameshajua kilichotokea, au anadhani amejua. Kila aliyekuja siku ile nilimwambia mlango. Kadiri nilivyousema ndivyo ulivyozidi kufanana na maneno ya mwanamke aliyepigwa.

Mama Shani alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Simlaumu. Laiti kila mwanamke aliyepigwa kweli angekuwa na jirani kama yeye. Alifanya alichopaswa kufanya kwa alichokiona na alichokisikia Alhamisi.

Jumapili habari ilikuwa imezagaa Mkata nzima. Wanaouza na Rajabu machungwa kituoni walimkalia mbali. Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua sketi yake, akamkuta Rajabu mlangoni, akapita bila salamu. Rajabu aliona. Aliingia ndani akaketi kitandani akiwa na viatu. Aliniambia, "Wanasema nimekupiga." Nikasema, "Watanyamaza." Yeye akasema, "Wewe ndiye ungewanyamazisha."

Hapa ndipo penye kuungama kwangu. Nilikuwa na siku mbili nzima. Ningeweza kumwambia ukweli pale kitandani, sisi wawili tu na Salma anacheza na vifungo. Nikafungua kinywa. Nikaona akilini uso wake ukigeuka kama uso wa yule mtoto aliyetupa jembe. Nikafunga kinywa.

Niliamua, bila kujiambia hivyo, kwamba ni afadhali yeye aonekane mpiga wanawake kuliko mimi kuonekana nilivyo.

Jumatatu tuliitwa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ni mama wa makamo, haongei sana. Alikuwepo yeye, mwenyekiti wa kitongoji, Mama Shani na Bi Mwanjaa aliyetoka Kwedizinga alfajiri baada ya kupigiwa simu. Bi Mwanjaa nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku akitazama jicho langu, kisha akamtazama mwanawe kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Alikuwa ameamini. Mama aliyemzaa alikuwa ameamini.

Mtendaji akaniambia nisogee karibu naye. "Mdogo wangu, hapa hakuna wa kukugusa. Huyu amekupiga?"

Nikasema mlango.

Mama Shani akashusha pumzi. Mtendaji akaandika. Akasema kwa upole kwamba ameshasikia milango mingi katika kazi yake, na kwamba kwa jinsi jicho lilivyo atalazimika kulipeleka suala polisi, dawati la jinsia. Akamgeukia Rajabu, akamuuliza ana la kusema.

Rajabu alikuwa akitazama sakafu. Akasema, "Andika utakavyoona, mama. Mimi sijampiga. Lakini hata mimi sijui kilichompata, na yeye hataki nijue."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira labda ningevumilia.

Nilisimama. Nikavua mtandio nikauweka mezani juu ya karatasi za mtendaji. Nikawaambia watazame. Kisha nikainama, mikono magotini, uso nimewaelekezea wao, nikabana pumzi.

Maumivu yale sitaki kuyakumbuka. Nilihisi jicho likitoka zaidi ya siku zote, na kwa jicho la kushoto niliona miguu yao tu. Miguu ya Mama Shani ilirudi nyuma hatua moja. Kandambili za Bi Mwanjaa hazikusogea. Hakuna aliyepiga kelele. Nikamsikia Bi Mwanjaa akisema chini chini, "Subhanallah. Mwanangu."

Mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani, Rajabu au mimi.

"Inuka," mtendaji akasema. "Inuka taratibu. Tumeona."

Nikaeleza yote, tangu shamba la maharage. Nilieleza nikiutazama ukuta. Nilipomaliza, Mama Shani alilia, akamwomba Rajabu radhi. Rajabu akamwambia hana kosa. Mtendaji akaichana ile karatasi aliyoiandika, akasema mambo ya ofisi yameisha na sasa twende hospitali, tena si kesho kutwa. Rajabu aliokota mtandio wangu uliokuwa umedondoka, akanipa. Hakunitazama.

Jumanne tulipanda basi la asubuhi kwenda Korogwe, maana kituo cha afya walituambia kule wiki hii kuna daktari bingwa wa macho. Tulipokata kona ya Korogwe pale Segera, Rajabu akasema, "Miaka sita."

Nikasema, "Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Nikamwambia niliogopa atakimbia. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema mama, na mkunga. Aliposikia mkunga aligeukia dirishani, akatazama mashamba ya mkonge mpaka tulipofika. Nadhani alikuwa anakumbuka lile benchi.

Daktari ni kijana kuliko nilivyotarajia, ana sauti ya chini. Alinipima kusoma herufi ukutani. Jicho la kushoto lilisoma zote. La kulia lilikomea safu ya nne, na nikitumia yote mawili herufi zinakuwa pacha. Kisha akanilaza kichwa kikiwa juu, akanipaka mafuta ya baridi juu ya kope, akaweka kile kidude cha ultrasaundi. Akaniambia nibane pumzi kidogo tu, kama mtu anayejikaza chooni. Akamwita Rajabu asogee aone.

Mimi sikuona, nilikuwa nimefumba. Niliwasikia tu.

"Unaona hizi sehemu nyeusi? Hiyo ni mishipa ya damu. Ona sasa inavyojaa."

Rajabu akasema, "Naona."

Daktari alitueleza akiwa amekaa nasi kama hana foleni nje. Ndani ya tundu la jicho, nyuma ya jicho lenyewe, kuna mishipa inayorudisha damu. Yangu imelegea na kutanuka, huenda tangu nazaliwa. Alitumia mfano wa mpira wa ndani wa baiskeli wenye mahali palipodhoofika, ukijaza upepo panatuna. Nikiinama, nikikohoa sana, nikinyanyua mzigo au nikijikaza, damu inajaa pale na kulisukuma jicho. Nikisimama inashuka. Ijumaa ile mshipa ulipasuka, damu ikavuja nyuma ya jicho. Weusi ule ulikuwa damu tu.

Alisema nilipaswa kwenda siku ile ile. Damu ikikusanya nyingi inaubana mshipa wa fahamu wa jicho, na mtu anaweza kuamka haoni. Na kuhusu kuinama ofisini, siku tatu baada ya kupasuka, alisema tu, "Usirudie." Nimebahatika. Damu imeanza kunywea yenyewe. Uoni unaweza kurudi wote au karibu wote.

Nikamuuliza kama wanaweza kuiondoa hiyo mishipa. Akasema inawezekana, lakini imejisokota na vitu vya thamani mle ndani, na kuigusa kunaweza kuleta hasara kubwa kuliko kuiacha. Kwa sasa wataiangalia. Ameniandikia barua ya kwenda kupiga picha kubwa zaidi hospitali ya rufaa. Nisiinamishe kichwa chini, nisinyanyue mizigo, nile mboga na kunywa maji tumbo lisifunge, nilale kichwa kikiwa juu. Maumivu ya ghafla yakija, au kutapika, au giza, nisingoje kupambazuke. Nikishika mimba nyingine niwaambie mapema wanaonihudumia, wapange namna ya kuzaa.

Rajabu aliuliza swali moja tu, kama Salma atalirithi. Daktari akasema kwa kawaida si jambo la kurithi. Rajabu akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

Kuhusu kusujudu sikuuliza daktari. Bi Mwanjaa ndiye aliyenipigia simu Jumatano, akasema ameshamuuliza shehe wa Kwedizinga, na mgonjwa anaswali akiwa amekaa, anaashiria kwa kichwa tu. Akaniambia pia, "Na jembe langu usiliwaze." Kisha akakata, kama kawaida yake, bila kwaheri.

Basi ndiyo hayo. Nimeyaandika yote na bado mwili hautulii.

Ninapaswa kuwa mtu aliyetua mzigo. Watu wamenisamehe upesi mno, na nadhani hiyo ndiyo inanikosesha raha. Kituoni wanaojua sasa wanamsalimu Rajabu kwa bidii, wanamwita mvumilivu. Yeye anaitikia kidogo, anaendelea na machungwa yake. Hajanilaumu. Anampakata Salma, anakula, anauliza jicho linaendeleaje, analala. Kuna adabu fulani imeingia kati yetu, kama ya wageni. Jana nilimwambia, "Nisamehe, baba Salma." Akasema, "Nimesikia."

Nimesikia ni nini? Ni ndiyo? Ni bado?

Najiuliza kama ningekuwa yeye. Kama yeye angeniacha mimi niitwe mwizi siku tatu ilhali ana ushahidi mfukoni. Sijui kama mimi ningekanda jicho lake.

Nimeahidi moyoni kwamba sitatunga tena mlango wowote. Ni ahadi ndogo kwa kosa kubwa, lakini ndiyo niliyo nayo.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye kuandika Rajabu akaniita kutoka uani. Amerudi kutoka msikitini, amevua kanzu, amekanyaga udongo mpaka magotini. Kando yake kuna matofali mabichi aliyoyaleta kwa mkokoteni, sijui lini. Nikamuuliza anajenga nini. Akasema jiko la kupikia mtu akiwa amesimama. Haya mafiga ya chini, akasema, hayakufai tena.

Alikuwa na fito mkononi. Akasema, "Simama hapa, wima. Nipime."

Nikasimama. Akaiegemeza ile fito ubavuni mwangu, akaweka alama kwa kisu usawa wa kiuno. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya udongo kwenye mikono yake. Nilitaka kumuuliza kama ile "nimesikia" ya jana ni ndiyo. Nikaitazama alama, nikaona bado italazimu shingo ishuke.

Nikamwambia, "Iko chini kidogo. Ongeza vidole viwili."

Akanitazama usoni, jicho la kushoto kisha la kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Akaongeza vitatu.